Bajeti ya Bwawa la Kuogelea Unguja Huanza na Maji

Katika kisiwa cha Unguja, ambako karibu maji yote yanayonywewa, kupikiwa na kufuliwa hutoka chini ya ardhi, gharama ya bwawa la kuogelea la nyumbani haijulikani kwa kuuliza bei ya chombo kinachofukiwa uani. Hujulikana kwa kukadiria maji yatakayokaa ndani yake, ardhi itakayokibeba na umeme utakaoyazungusha maji hayo mwaka hadi mwaka. Jambo hili, ingawa ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuteka kisimani, hupotea upesi pale mwenye nyumba anapoonyeshwa picha ya bwawa la faiba lililokwisha kupangiwa vigae pembeni na kutajiwa bei moja tu. Bwawa la faiba, kwa maelezo mafupi, ni chombo kizima kinachoundwa kiwandani juu ya kalibu kubwa: kwanza hupakwa tabaka jembamba la rangi ngumu inayong'aa, ambalo ndilo litakalogusana na maji, kisha hufuatia tabaka za nyuzi laini za kioo zilizoloweshwa resini, yaani utomvu wa kikemikali unaoganda na kuwa mgumu. Mafundi wa boti za pwani hii wanaifahamu kazi hiyo, kwa kuwa boti nyingi za injini siku hizi huundwa kwa njia iyo hiyo. Tofauti yake na bwawa la zege ni kwamba la zege hujengwa palepale shimoni kwa wiki nyingi, ilhali la faiba hufika likiwa limekamilika, likashushwa kwa winchi na kufukiwa kwa siku chache. Na ni wepesi huo wa siku za mwisho unaowafanya watu waamini kwamba na hesabu yake ni nyepesi.

Waliojenga mahali pa kuogea Unguja katika karne ya 19 walianza upande wa pili wa hesabu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni na ambaye baada ya kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani alijulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na katika kurasa za mwanzo za kitabu hicho anayaeleza mabafu ya Mtoni kwa undani usio wa kawaida. Palikuwa, anasema, na nyumba za kuogea zipatazo dazani zilizopangwa mwisho wa ua mkubwa, kila moja ikiwa na mabirika mawili ya urefu wa kama mita nne na upana wa kama mita tatu, na maji yake yalimfikia mtu mzima kifuani. Idadi ya wakazi wa kasri hilo anaikadiria kuwa watu elfu moja na zaidi, na mabafu hayo hayakuwa na saa ya kupumzika. Kilichowezesha matumizi makubwa kiasi hicho pasipo pampu yoyote ni kijito ambacho ndicho kilichopapa mahali hapo jina lake: maji yaliingia kwa mteremko, yakayajaza mabirika, kisha yakaendelea na safari yake ya kuelekea bahari iliyo karibu kabisa na ukuta. Seyyid Said bin Sultan, sultani na baba yake Salme, kwa maneno mengine, hakuchagua kwanza mahali pa kasri kisha akatafuta maji ya kulifikia, bali aliifuata njia ya maji na kasri likasimama kandokando yake. Hata hivyo si haki kuisifu mno hesabu hiyo kwa unafuu wake, kwani safu ya ujira haimo. Walioyasafisha mabirika na kubeba kila kilichobebwa walikuwa watumwa, na bajeti isiyolipa kazi haiwezi kuwa kielelezo kwa yeyote.

Huko Kidichi, katikati ya mashamba ya karafuu kaskazini-mashariki ya mji, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrzad, mahali pa kuogea mwaka 1850, penye lipu iliyonakshiwa maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi na jiko la chini kwa chini la kupashia maji moto. Pale palikuwa pa mapumziko ya watu wachache, na ukubwa wake unalingana na shughuli hiyo. Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Hamamni, mabafu ya umma yaliyojengwa ndani ya Mji Mkongwe katika utawala wa Seyyid Barghash, kati ya mwaka 1870 na 1888, kwa usanifu wa Haji Gulam Hussein. Hamamni palikuwa na chumba cha kupokelea wageni, vyumba vya maji baridi na vya maji moto, mifereji ya chini ya sakafu na tanuri la kuni, na waliokwenda kuoga walilipa. Ada hiyo haikuwa tamaa ya mtawala. Ndiyo iliyonunua kuni na kulipa waliowasha tanuri. Mabafu yaliacha kufanya kazi mnamo mwaka 1920, na leo kuta zimesimama imara, paa lipo, mabirika yapo, lakini hayana hata tone, na mgeni hulipa kiingilio ili aone bafu kavu. Jengo liliishi zaidi kuliko bajeti ya kuliendesha, na hilo ndilo linaloyapata pia mabwawa mengi ya nyumbani, ambayo hujengwa kwa fedha za mkupuo mmoja na kufa kwa kukosa fedha ndogondogo za kila mwezi.

Barghash huyohuyo ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na haikuwa kwa ajili ya anasa. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ambacho daktari Mskoti James Christie aliyekuwa akitibu Unguja wakati huo alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876, kiliua maelfu ya watu katika mji ambao wakazi wake walitegemea visima vifupi vilivyochimbwa karibu na mashimo ya taka. Maji ya kuogea na maji ya kunywa, katika kisiwa kidogo, ni fungu moja linalogawanywa, na anayetoa bila kupima humpunguzia mwingine. Mtu anayepanga bwawa uani kwake leo angefanya vyema kuanzia hapo.

Mwandishi wa makala haya alipata kuyaona mambo hayo kwa karibu alipokabidhiwa na jamaa zake waishio Muscat kazi ya kusimamia ujenzi wa nyumba yao ya Mbweni, kusini ya mji, nyumba iliyokusudiwa kwanza kwa likizo na baadaye kwa kurejea moja kwa moja. Ami yake, aliyekuwa ndiye mwenye mfuko, alikuwa amekwisha kulipia arubuni ya bwawa la faiba lenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 3.5, na maneno aliyoyatuma kwa simu yalikuwa ya mtu aliyemaliza jambo: "Bwawa tumeshanunua, mwanangu, limebaki kufukia tu." Ilipofunguliwa karatasi ya muuzaji ilibainika kwamba bei iliyotajwa ilikoma kwenye bandari ya Dar es Salaam, na kwamba yote yaliyobaki, kuanzia kuvuka bahari hadi tone la kwanza la maji, hayakuwa na safu katika hesabu ya familia. Katika kazi hiyo, na katika nyingine za aina yake ambazo mwandishi alizifuatilia baadaye, chombo chenyewe mara nyingi hakikufika nusu ya jumla ya fedha zilizotumika.

Safari ya chombo ndiyo ya kwanza kupuuzwa. Kontena la kawaida la futi 40 lina upana wa ndani wa takriban mita 2.35, hivyo bwawa la upana wa mita 3.5 haliingii, na hulazimika kusafirishwa juu ya jukwaa la wazi, likitozwa kwa nafasi linayoikalia melini wala si kwa uzito wake. Chombo kisichofika tani moja hulipa basi kama mzigo mkubwa kwa sababu kina uwazi ndani. Hewa nayo hulipiwa nauli. Kisha ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli, kwa hiyo nauli inapopanda kodi hupanda pamoja nayo, na mwenye kukadiria kodi kwa bei ya kiwandani peke yake atapungukiwa kwa hakika. Baada ya hapo kuna kuvushwa hadi bandari ya Malindi, winchi ya kupakua, lori, winchi ya pili kwenye kiwanja, na wakati mwingine ukuta wa uzio unaobomolewa ili chombo kipite na kujengwa tena kesho yake.

Kwa nyumba za Mji Mkongwe mjadala huu hauna haja ya kurefushwa. Vichochoro ambamo gari la mkono hupishana kwa shida na wapita njia haviwezi kupitisha chombo cha upana wa mita tatu, na hata kama kingeshushwa kwa winchi kutoka juu, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka chini na misingi yake haikukusudiwa kuchimbiwa pembeni. Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kila badiliko la jengo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, chombo kilichoundwa mwaka 1985. Mabwawa machache yaliyomo katika hoteli za mji huo yamejengwa palepale, kwa gharama ambazo biashara ya wageni huweza kuzirudisha. Mwenye nyumba ya kuishi hana wa kumrudishia, na pendekezo la kuchimba ua wa nyumba ya zamani ili kuweka bwawa linastahili kukataliwa kabla halijafika kwa mkadiriaji majenzi.

Nje ya mji, suala kubwa ni udongo. Wakulima wa Unguja wana majina ya udongo yanayomsaidia mjenzi kuliko anavyodhani: kichanga ni udongo wa mchanga unaopitisha maji upesi, kinongo ni udongo mwekundu wenye rutuba, kinamo ni udongo mzito unaoshika maji na kuvimba, na uwanda au maweni ni ardhi nyembamba iliyolala juu ya jiwe la matumbawe, ile inayotawala upande wa mashariki kuanzia Matemwe hadi Makunduchi. Kila jina lina bei yake. Katika maweni shimo la kina cha mita moja na nusu huweza kuhitaji mashine ya kuvunjia mawe kwa siku kadhaa, na jiwe lenyewe lina mapango madogo ambayo hayaonekani mpaka yafikiwe. Katika kinamo kuchimba ni rahisi lakini kingo huporomoka na udongo huusukuma ukuta wa chombo kila unapolowa. Katika kichanga kuchimba ni rahisi zaidi kuliko kote, ila shimo halitaki kusimama wima. Kiwanja cha Mbweni kilikuwa na udongo mwekundu juu na jiwe chini, na fundi aliyekuwa akizijua ardhi hizo alishauri jambo ambalo halikugharimu ila ujira wa vibarua wawili: shimo la majaribio lichimbwe hadi kina cha bwawa na liachwe wazi mpaka masika.

Lilipochimbwa katika kaskazi, msimu wa joto na ukavu, shimo lilikuwa kavu kabisa. Masika yalipokolea, mwezi wa Aprili, maji yalipanda kutoka chini hadi usawa wa goti na yakakaa humo kwa siku nyingi. Hatari iliyofichika hapo yafaa kuelezwa kwa tarakimu, kwa sababu kwa maneno matupu haiaminiki. Bwawa la mita 7 kwa mita 3.5 lina eneo la mita za mraba 24.5, na maji ya ardhini yakilizunguka kwa kimo cha nusu mita tu kutoka kitako chake hulisukuma juu kwa nguvu ya tani 12 hivi, kwa hesabu ya jumla isiyotilia maanani mteremko wa sakafu. Likiwa limejaa maji, uzito wa ndani hushinda msukumo huo kwa mbali. Likiwa limemwagwa ili lisuguliwe, chombo kisichofika tani moja huinuka kutoka ardhini kama boti inayoelea, huku kikikata mabomba yake na kupasua vigae vya pembeni. Kinga ya jambo hilo ni ya bei ndogo: bomba pana la plastiki husimamishwa pembeni mwa bwawa hadi chini ya kitako chake, sehemu ya chini ikiwa imezungushiwa kokoto, ili mwenye nyumba aone kimo cha maji ya ardhini na, ikibidi, ashushe pampu ndogo ya kuyatoa. Katika hesabu ya Mbweni bomba hilo lilikuwa limekatwa mstari mwekundu na familia kwa kuonekana ni pambo. Likarudishwa baada ya picha za shimo la masika kufika Muscat.

Kuhusu kujazia pembeni ya chombo, wauzaji wengi husema mchanga unatosha, nao hutosha kwa mwaka wa kwanza. Mchanga husombwa polepole na maji yanayopita chini, ukuta ukabaki na mapengo nyuma yake na kuanza kubenuka, ilhali kokoto safi hukaa na kuyaacha maji yapite. Zaidi ya hayo, mchanga wa Unguja ni rasilimali inayopungua ambayo uchimbaji wake huhitaji kibali cha serikali, kwa hiyo hauna tena ule urahisi uliokuwa ukisifiwa zamani.

Sasa yaja maji yenyewe. Bwawa la vipimo vilivyotajwa, lenye kina cha wastani wa mita 1.4, hubeba lita 34,300, karibu maboza matatu na nusu ya lita 10,000, na mjazo huo wa kwanza ndio unaowashtua watu ingawa hutokea mara moja. Kinachofaa kuogopwa ni mvuke. Katika jua na upepo wa pwani, kadirio la milimita tano kwa siku si la kupita kiasi, nayo huchukua zaidi ya lita 120 kila siku kutoka kwenye bwawa ambalo hakuna aliyeogelea ndani yake. Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti wake juu ya utalii na maji Unguja uliochapishwa mwaka 2001, alikuta kwamba mwenyeji alitumia wastani wa lita 48 kwa siku na mtalii lita 685. Kwa kipimo hicho, jua peke yake hunywa kutoka bwawa moja dogo la nyumbani maji yanayotosha watu wawili na nusu kwa mahitaji yao yote. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba bustani za hoteli zilikunywa maji mengi kuliko mabwawa yake, na hilo liwe onyo kwa wanaopanda majani ya kizungu kuzunguka bwawa na kuilaumu pampu bili inapofika.

Ukokotoaji hauishii hapo, maana mbingu nayo hurudisha. Mvua ya Unguja kwa mwaka ni kama milimita 1,600, ikigawanyika hasa kati ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvuke wa milimita tano kwa siku ni milimita 1,825 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima, basi, kinachoondoka na kinachoingia vinakaribia kulingana, na tatizo ni wakati: mvua ya Aprili hufurika na kupotea, na Januari, jua likiwa kali na visima vikiwa vimeshuka, maji hununuliwa. Paa la nyumba lenye eneo la mita za mraba 150 hupokea, kwa mvua hiyo, lita 240,000 kwa mwaka, na hata theluthi ikipotea katika mifereji na katika kumwaga maji ya mwanzo yenye vumbi, kinachobaki hulijaza bwawa zaidi ya mara nne. Fedha inayowekwa katika mifereji ya paa na birika la chini ya ardhi ni, kwa maoni ya mwandishi, fedha bora kuliko zote katika bajeti ya namna hii, nayo haimo katika karatasi ya muuzaji yeyote kwa sababu hakuna anayemuuzia mtu mvua. Maji hayo yana faida nyingine: hayana chokaa. Maji ya visima vya Unguja, yakiwa yamepita katika mawe ya chokaa, ni magumu, na utando mweupe uleule unaoganda ndani ya birika la chai huganda pia katika chujio, katika mabomba na kwenye mstari wa maji wa bwawa.

Wengi hudhani kwamba dawa ya yote hayo ni kuchimba kisima kirefu. Maji matamu ya kisiwa cha matumbawe hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, yakiyaelea kwa kuwa ni mepesi zaidi, na kanuni inayojulikana kwa majina ya Ghyben na Herzberg husema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari zipo kama mita 40 chini yake. Kanuni hiyo ina upande wake mchungu, kwamba kimo cha juu kikishuka kwa mita moja kwa kuvutwa na pampu, mpaka wa chumvi hupanda kwa mita 40. Hii ndiyo sababu visima vya vijiji kadhaa vya pwani ya mashariki hukolea chumvi pampu zinapozidi, na ndiyo sababu uchimbaji husimamiwa na Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2006. Maji ya chumvichumvi, yakishawekwa bwawani, hula pia ngazi za chuma, skurubu na pampu.

Juu ya umeme Unguja ina kumbukumbu ambayo haifai kusahauliwa na mpangaji yeyote. Kisiwa hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari unaotua Fumba, na waya wa kwanza, uliowekwa mwaka 1980, uliharibika Mei 2008 na kukiacha kisiwa gizani kwa takriban mwezi mmoja, kisha ukaharibika tena Desemba 2009 na umeme usirejee mpaka Machi 2010. Katika miezi hiyo mitatu pampu za maji ya mji zilisimama, watu walipanga foleni na madumu, na mabwawa ya nyumba zisizo na jenereta yaligeuka kijani kwa siku chache tu, kisha yakawa mazalio ya mbu. Ajabu iliyobaki akilini mwa mwandishi ni kwamba baadhi ya majirani waliyachota maji hayo ya kijani kwa ajili ya kumwagia vyooni, na kwa mara ya kwanza mabwawa yakawa na faida kwa mtaa mzima. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali imekuwa nyingine, lakini kukatika kwa saa au siku bado kupo. Kwa matumizi ya kawaida, pampu ya wati 750 ikizunguka saa nane kwa siku hutumia yuniti 6, yaani yuniti 180 kwa mwezi. Anayetumia mita ya Tukuza, yaani ya kulipia kabla, na azizidishe kwa bei ya yuniti ya siku hiyo, kisha aamue kama yuko tayari kuzinunua hata katika miezi ambayo nyumba imefungwa na wenyewe wako Muscat.

Vilivyobaki ni vidogo kimoja kimoja. Klorini huliwa na jua na hivyo hununuliwa bila kukoma. pH, ambayo ni kipimo kinachoonyesha kama maji yameelemea upande wa asidi au wa besi, hupimwa kwa vifaa vya bei nafuu lakini kwa mkono wa mtu anayejua. Na mtu huyo hulipwa mshahara. Uzio wenye mlango unaojifunga ni lazima pale penye watoto, nao haustahili kujadiliwa kama gharama. Maji yanayotolewa yakiwa na klorini hayafai kuelekezwa baharini penye matumbawe wala katika mikoko, kwa hiyo shimo la kunyonya maji nalo liwe na safu yake.

Hesabu ya Mbweni ilipoandikwa upya ikiwa na safu hizo zote, familia haikuliacha bwawa, kwani arubuni ilikwisha kulipwa na watoto walikwisha kuahidiwa. Walichofanya ni kusogeza kazi hadi masika yapite, kufuta bustani ya majani, na kuhamishia fedha ya bustani kwenye birika la mvua. Ami, ambaye kwa muda alihisi kwamba anachezewa na mafundi wa nyumbani, alipoonyeshwa birika limejaa katika vuli ya kwanza aliuliza kwa nini lisingechimbwa kubwa zaidi.

Kwa walioko Muscat, London au Toronto wanaotuma fedha za ujenzi na kupokea picha kwa simu, ombi la mwandishi ni hili: kabla ya kulipa arubuni ya chombo chochote, mtumeni mtu anayeaminika akaombe maji ya kunywa kwa jirani wa kiwanja, na ayaonje. Pale ambapo kisima cha jirani kimekwisha kuingia chumvi, na nyumba haina paa wala birika la kuvunia mvua, bwawa lisichimbwe.